Barabara ya Walikale Ilikuwa Nzima

Emérita alianguka motoni asubuhi ya siku ya soko, na saa hiyo dada yake Uwamwezi alikuwa dukani akiwaomba watu wavumilie.

"Mama, vumilia kidogo. Émile alipitia kwao Walikale, iko kule na dawa zetu. Maji ilibeba daraja. Wakitengeneza tu, anafika."

Alikuwa akisema hivyo tangu mvua zilipoanza, na watu walimwamini. Famasi Tupone ya Kitshanga ilikuwa nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya majani, kando ya njia wanayopitisha ng'ombe kwenda sokoni. Tupone walikuwa na duka Sake, duka Masisi, duka Mweso, na yote yalipakwa rangi ile ile. Mtu akiiona rangi hiyo alijua dawa haijaoza na bei haitabadilika kwa sababu ya sura yake. Zamani watu walinunua vidonge kwenye sinia, juani, karibu na wauza samaki. Sasa walikuja kwa Uwamwezi: wamama wa kambini, wachungaji wa mlimani, hata mke wa mchungaji wa kanisa aliyekuwa akificha ugonjwa wake kwa mumewe. Uwamwezi aliyajua ya wote, na hakuna neno lililowahi kutoka nje ya duka lile.

Baba yake, Mzee Habumugisha, aliingia akiwa amembeba Emérita kama mtoto mchanga, ingawa binti alikuwa na miaka kumi na sita. Kitambaa cha jikoni kilikuwa kimefungwa kwenye mkono wa kushoto. Harufu ilitangulia.

"Alikuwa anapika maharagi," baba alisema. "Ugonjwa ulimushika. Mi nilikuwa kwenye shamba."

Uwamwezi alikifungua kitambaa, akakifunga tena upesi.

"Dawa yake iko wapi, mwanangu?"

"Iliisha, Papa. Nilikuwa namupa nusu nusu, alafu ikaisha. Émile anakuya nayo."

Mzee alimtazama tu. "Émile anakuya," alirudia taratibu.

Kwa ajili ya Emérita ndiyo mapenzi yale yalianza. Tangu utoto kifafa kilimwangusha popote, na majirani walikimbia wakisema ni mambo ya mizimu. Siku Émile alipofika mara ya kwanza, kijana mrefu kutoka Walikale anayesambaza dawa za Tupone kutoka Goma, Emérita alianguka uani mbele yake. Watu wakakimbia. Émile alivua koti lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha msichana, akapiga magoti hapo hadi alipotulia. Kisha akainua macho kwa Uwamwezi.

"Ni ugonjwa tu, dada. Iko na dawa."

Macho yale hayakutoka tena moyoni mwake. Kila mzunguko Émile alileta vidonge vya Emérita, na kila mzunguko walikawia zaidi kupanga makatoni ambayo mtu mmoja angeyapanga peke yake. Mzee Habumugisha aligoma mwanzoni, hata Uwamwezi alipomwomba kwa magoti. Alisema watu wa porini wana desturi zao, wajomba ndio wanaoamua kila kitu, binti yake atapotea huko. Lakini Emérita aliporudi shuleni baada ya miaka ya kukaa nyumbani, mzee alimwita Émile akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Mutu anainama kwa mutoto wangu wakati wengine wanakimbia," alisema, "ule ni mutoto wangu pia." Wajomba wa Émile walingojewa baada ya mavuno, kuleta mahari.

Sasa walihitaji pikipiki ya kumpeleka Emérita kituo cha afya. Bienvenu, anayebeba mafuta ya mawese kutoka Walikale kuja sokoni, aliisogeza yake mlangoni bila kuombwa. Muuguzi alipokuwa akisafisha kidonda, Uwamwezi alisimama nje akishika ukuta.

"Ni dawa njo ilikosa," alimwambia Bienvenu. "Hii daraja ya Walikale itatumaliza."

"Daraja gani, docta?"

"Ile ilibebwa na maji."

Bienvenu alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Mi nimetoka Walikale juzi na bidoni za mafuta nyuma. Barabara iko nzima. Matope iko, lakini matope iko siku zote."

Uwamwezi alimgeukia. "Émile aliniambia imekatika."

Kicheko kilimpotea Bienvenu usoni. Akaanza kufuta tangi la pikipiki kwa kiganja.

"Bienvenu. Ulimuona Émile?"

"Dada, mi ni mutu wa barabara. Naona, napita."

"Uliona nini?"

"Usiniulize ile."

"Dada yangu iko ndani na mukono wa kuungua. Uliona nini?"

"Niliona arusi," Bienvenu alisema, macho chini. "Émile alioa mutoto wa Papa Sébastien, mwenye nyumba Tupone wamefungulia duka mupya. Mi niliwabebea viti vya kanisa. Nilifikiri ulishajua, dada. Naapa. Nilizani mulishaachana."

Uwamwezi alichukua simu. Iliita, ikaita, kisha sauti aliyoipenda ikasema haraka haraka kwamba mtandao ni mbaya, daraja bado, awe na moyo, sheri, mpenzi wake. Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na ngoma na watu wakiimba. Alikata simu bila kusema neno la Emérita wala la arusi.

Jioni, baada ya binti kumweleza yote, baba alimkuta akifunga nguo chache ndani ya kitenge.

"Mwanaume akikutupa, haumufuate nyuma kama mbuzi," alisema.

"Simufuate yee, Papa. Nafuata dawa ya Emérita."

"Kweli?"

Alikaza fundo la kitenge, kwa kuwa haikuwa kweli yote. Mzee akaenda kuzungumza na Bienvenu juu ya kumwendesha binti yake polepole.

Walipita Mweso, wakapita Kalembe, wakalala Pinga kwa shangazi yake Bienvenu. Baada ya hapo vilima vya malisho viliwaacha, msitu ukawapokea. Matope yaliwarukia hadi usoni. Kwenye kila daraja Uwamwezi alimgusa Bienvenu bega.

"Ni hii?"

"Hapana, dada. Hii iko nzima."

Na mbele kidogo, "Ni hii?"

"Hapana."

Aliuliza kwenye kila mto, kama mtu anayeomba maji yamwonee huruma, yawe yamebeba japo ubao mmoja. Walipoukaribia mji wa Walikale aliacha kuuliza. Alilaza paji la uso kwenye mgongo wa koti la Bienvenu, na Bienvenu akaendesha kama hakuhisi kitu.

Rangi ya majani ilikuwa bado mbichi kwenye mbao za duka jipya. Watu walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani: wamama wenye vikapu mgongoni, mzee mwenye mkuki mfupi aliyeshuka kutoka mawindoni, mama kijana mwenye mtoto wa homa. Uwamwezi alikuja na maneno yake tayari. Alitaka kuyasema mbele ya foleni nzima. Kisha akachungulia ndani.

Nyuma ya meza, katika koti jeupe, alisimama Annonciata.

Uwamwezi alishika nguzo ya mlango. Annonciata alimtia mzee wa mkuki vidonge kwenye bahasha, na kwa kuwa mzee hajui kusoma, alimchorea jua upande mmoja na mwezi upande wa pili. Mkono ule Uwamwezi aliufundisha yeye. Émile ndiye aliyemleta Annonciata Kitshanga mwaka uliopita. "Ni dada yangu," alisema. "Mufundishe kazi, Uwa, kama ungenifundisha mi." Uwamwezi akamfundisha. Annonciata alilala kitanda kimoja na Emérita, akala sahani moja nao. Usiku Uwamwezi alimsimulia habari za Émile, na msichana yule alisikiliza, mara nyingi akigeukia ukuta.

Dada yule ndiye binti wa Papa Sébastien: kwenye kidole chake sasa kulikuwa na pete.

Annonciata aliinua macho. Bahasha ikamponyoka.

"Endelea kuuzia watu," Uwamwezi alimwambia. Sauti yake ilikuwa tulivu kiasi cha kumshangaza mwenyewe. "Bwana yako iko wapi?"

Émile alikuwa uani, akivunjavunja makatoni matupu. Ubavuni mwa kila katoni mtu wa depo ya Goma alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KITSHANGA. Émile alipomwona Uwamwezi aliacha mikono hewani.

"Uwa."

"Usiniite ile jina."

"Nilitaka kukuambia."

"Na mudomo gani? Ile ilikuwa inaniambia daraja?"

Émile alitazama mlango, akatazama ukuta. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lile la kijivu ambalo Uwamwezi alimnunulia, na alichukia kwamba bado lilimpendeza.

"Sikia kwanza," Émile alisema. "Mama Dorothée, mwenye Tupone, alisema nipate nyumba Walikale, ataniweka mukubwa wa maduka yote. Papa Sébastien iko na nyumba. Akasema, nyumba yangu natoa kwa mukwe, siyo kwa mugeni. Wajomba wangu wakakubali nikiwa nimekaa pale. Ningefanya nini?"

"Ungesema hapana."

"Kwa wajomba? Haujui kwetu."

"Papa yangu alikuwa anajua. Alikataa, mi nikamuomba kwa magoti akubali."

Émile aliacha makatoni. Akaonyesha kule mbele kwa kidole. "Uliona ile foleni? Ule mama wa mutoto wa homa ametembea pori siku mbili. Hapa watu walikuwa wanakufa na malaria juu ya kukosa kidonge. Wale hawastahili?"

Uwamwezi aligeuka. Kupitia mlango alimwona mama kijana akipokea bahasha yenye jua na mwezi, akiishika kwa mikono miwili. Ilimwuma, kwa kuwa neno la Émile lilikuwa la kweli.

"Wanastahili," alisema. "Wanastahili sana. Lakini haukuwapa cha kwako, Émile. Uliwapa cha Emérita, ili rafu zako zionekane zimejaa siku ya kufungua. Emérita alianguka motoni."

"Emérita?"

"Mukono wa kushoto. Vidole bado havifunguke."

Émile alikaa juu ya katoni, ikabonyea chini yake. Alifunika uso. Akaanza kulia, na Uwamwezi, aliyewahi kudhani angefurahi kumwona hivi, hakufurahi.

"Mi njo niliweka koti chini ya kichwa yake," Émile alisema ndani ya viganja.

"Ndiyo. Na ile njo inaniua. Ungekuwa mutu mubaya tangu siku ya kwanza, ningepona haraka."

Émile alisimama, akamshika mkono. Kiganja kilikuwa kile kile, na damu ya Uwamwezi ilikitambua. Kwa kitambo kidogo alitaka kuegemea tu, alale, aamke kabla ya haya yote. Hofu ilimshika, kwa kuwa aliona moyo wake ulikuwa tayari kumsaliti pia.

"Haijaisha, Uwa," Émile alinong'ona. "Hapa ni mambo ya wajomba. Roho yangu iko Kitshanga. Utabaki kule na duka yako, mi nitakuya kila mwezi kama zamani. Hakuna mutu atajua."

Uwamwezi aliutoa mkono wake.

"Kila duka na bibi yake? Sake uliweka nani?"

"Usiseme vile!"

"Na Mweso?"

Émile aligeukia mlango. Mlangoni Annonciata alikuwa amesimama, katoni ndogo kifuani. Haikujulikana alikuwa amesikia kuanzia wapi, lakini macho yake hayakuwa kwa Uwamwezi. Yalikuwa kwa mumewe.

"Dada Uwamwezi," alisema. "Vidonge vya kifafa njo hivi vyote vimebaki."

"Ulikuwa unajua?"

"Mwanzo hapana. Aliniambia wewe ni shefu wa duka tu. Alafu uliniambia mwenyewe, ule usiku."

"Na haukusema kitu."

"Wewe ulikuwa umenipikia." Machozi yalimshuka bila sauti. "Niliona haya. Kila siku nikasema nitamuambia kesho. Alafu Papa yangu akaniita, siku ya arusi ikafika. Kwetu hawakuniuliza."

Uwamwezi alitaka kumpiga. Alitaka pia kumfuta machozi, kama alivyozoea. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alipokea katoni, akaifungua.

"Hapa wenye kifafa wako?"

"Wako. Wawili walikuya jana."

Aliweka katoni juu ya jiwe la kufulia, akaigawa. Upande mmoja akausukuma kwa Annonciata. "Wape. Wale hawakunikosea kitu."

Émile alimfuata hadi kwenye pikipiki akiita jina lake, lakini kwa sauti ya chini, ili foleni isisikie. Uwamwezi aliisikia sauti hiyo ya chini, na ndipo alipoelewa kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuondoka kweli.

Pinga kulikuwa na mtandao. Alimpigia Mama Dorothée, akamweleza yaliyoipata dawa ya Kitshanga. Mwanamke yule wa Goma alimsikiliza hadi akamaliza.

"Mwanangu," alisema, "Émile aliniambia ni wewe ulikubali. Alisema unaachia Walikale dawa zako, juu ni duka ya bwana yako."

Uwamwezi aliegemea ukuta wa nyumba ya shangazi. Hata jina lake lilikuwa limetumika.

"Sikukubali kitu, Mama. Na sasa mizigo ya Kitshanga isipite tena kwa mukono yake. Bienvenu atazileta kutoka Goma moja kwa moja."

"Itakuwa vile. Na yee nitamuita Goma, anieleze mbele yangu." Kisha, kwa upole, "Na wewe? Unataka nikutoe Kitshanga kidogo, upumuzike?"

"Nikitoka, nani atafungua duka?"

Walipofika nyumbani Emérita alikunywa kidonge chake, akalala na mkono wake mweupe wa bandeji juu ya blanketi. Mzee Habumugisha alikuwa jikoni akichochea moto ambao hakuna aliyeuhitaji. Uwamwezi alikaa karibu naye, akingojea lawama. Haikuja.

"Nilimuita mutoto wangu," mzee alisema. "Nilimukalisha kwenye kiti yangu. Mi pia nilimupenda, unajua?"

"Najua, Papa."

"Mutu akimudanganya binti yako, unakasirika. Lakini akikudanganya wewe pia, muzee muzima..." Aliweka mkono wake mzito wa jembe juu ya kichwa cha binti yake, akauacha hapo.

Siku ya soko iliyofuata, Uwamwezi alifungua duka mapema. Aliogopa. Kitshanga nzima ilijua juu ya mavuno na mahari. Wamama wa kwaya walikwisha kuchagua kitenge cha arusi. Bienvenu hakuwa mtu wa kusema, lakini shangazi wa Pinga alikuwa na dada, na dada yule aliuza sokoni. Aliyatayarisha majibu.

Wa kwanza alikuwa mke wa mchungaji. Aliomba parasetamo, vidonge viwili tu, akashukuru, akaenda. Kisha mwanamke wa kambini: parasetamo. Kisha mke wa mchoma nyama, kisha wawili wa kwaya pamoja. Hakuna aliyeuliza habari ya Émile. Hakuna aliyemtazama kwa huruma. Kila mmoja alisema kichwa kinamsumbua, akapokea vidonge viwili, akakawia kidogo mlangoni akimtazama kama mtu anayehakikisha kwamba taa bado inawaka, kisha akaondoka.

Uwamwezi hakuelewa hadi ilipofika zamu ya Mama Anastasie, kikongwe anayeuza viazi ng'ambo ya njia, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumeza kidonge cha mzungu.

"Mama, nawe kichwa?"

"Nami kichwa."

Alimpa viwili ndani ya bahasha. Kikongwe aliipokea, akaigeuza geuza, akairudisha juu ya meza na kuisukuma polepole kwa kidole kimoja hadi ikagusa mkono wa Uwamwezi.

"Kunywa wewe," alisema. "Mi nitakukalia duka."

Na Uwamwezi, ambaye hakuwa amelia Walikale, wala Pinga, wala jikoni kwa baba yake, alipiga magoti nyuma ya meza, mahali ambapo wateja hawaoni, akalia. Mama Anastasie alisimama mlangoni akitazama nje, mikono kiunoni, na kila aliyekaribia alimwambia ajongee kivulini angoje kidogo, mwenye duka anapanga dawa.